Mfupa Hauvunjwi na Mtu Mmoja

Bata mzinga aliyeyuka kote isipokuwa mahali pamoja, na mahali penyewe hapakuzidi kiganja cha mtu.

Noreen Dierks alimtoa kwenye friji Jumatano asubuhi, mkesha wa Sikukuu ya Shukrani, akamlaza juu ya meza ya jikoni na kumbonyezabonyeza. Mapaja laini, mgongo laini, mabawa yananing'inia. Ndege alikuwa wa ratili ishirini, na kila mwanamke wa mashamba yale ya Wisconsin, Marekani, anaijua hesabu: siku moja ya friji kwa kila ratili nne. Alikuwemo tangu Ijumaa, kwa hiyo hesabu ilitimia. Lakini juu ya kidari, karibu na shingo, palibaki pagumu kama jiwe, na barafu ya pale ilikuwa na alama nne ndefu upande mmoja na alama moja fupi, nene, upande wa pili. Noreen aliweka mkono wake juu ya alama hizo. Vidole vyake havikufika hata nusu.

Wa kwanza kumfikiria alikuwa wifi yake.

Alikuwa na sababu. Ardis, dada mkubwa wa mumewe, alifika Jumatatu kutoka Milwaukee na sanduku dogo na macho makubwa. Tangu hapo alikuwa akifungua makabati, akinusa vyumba, akisimama mbele ya friji kama askari wa lindo. Mama yao, Alvina, alifariki mwezi wa tatu na kumwachia Lowell nyumba nzima na ng'ombe wote, na kumwachia Ardis saa ya ukutani isiyotembea. Noreen aliamini kidonda kilikuwa hapo. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na kingine kinalala chumba cha wageni.

Tena Ardis alikuwa na swali moja alilouliza mara tatu kwa siku tatu: mfupa wa ombi mtaufanyaje? Ni ule mfupa mdogo wa kidari wenye matawi mawili, kama panda ya manati. Watu wa kule huuchomoa nyama ikishaliwa, wakauanika dirishani, kisha wawili hushika kila mmoja tawi lake na kuvuta. Anayebaki na kipande kirefu, ombi lake hutimia, mradi asimwambie mtu. Ni mchezo wa watoto. Ardis hakuwa mtoto, na alipouliza hakucheka.

Mwenyewe Lowell hakuwa na habari za mifupa. Alikuwa anaona baridi. Mtu aliyezoea kukamua alfajiri na shati tupu alianza kuvaa sweta mbili ndani ya nyumba tangu majani yalipopukutika. Daktari alimpima damu na mapafu, akasema ni mzima kuliko ng'ombe wake. Lakini Noreen akimgusa miguu kitandani alihisi amegusa bomba la nje. Lowell alizaliwa Siku ya Shukrani, na kila mwaka familia ilimkatia keki siku hiyo hiyo, kalenda iseme isemavyo. Kesho angetimiza arobaini na moja. Noreen aliipanga karamu hiyo wiki mbili nzima, orodha imeandikwa nyuma ya bahasha, kwa imani moja tu: mume wangu akila akashiba, akacheka, mwili utapata moto. Zaidi ya hapo hakutaka kitu.

Barafu ya kidarini haikuyeyuka hata kwa maji ya bomba. Noreen akakumbuka maneno ya muuza nyama, kwamba mpishi hodari huutoa mfupa wa ombi kabla ya kuoka ili kidari kikatike vizuri. Akachukua kisu kidogo, akaukwangua kwenye ile barafu, akauvuta. Mfupa ulitoka kwa shida, kana kwamba upande wa pili kuna mtu naye anauvuta, na ulipotoka, nyama yote ikalegea mara moja. Hakufikiri mara mbili. Aliutupa kwenye sufuria ya supu pamoja na shingo, moyo na firigisi, akawasha moto mdogo.

Hapo jikoni pakanuka theluji.

Ni harufu ambayo mtu wa kule haimpotei, ile inayotangulia saa moja kabla haijaanguka. Noreen alichungulia nje. Jua, nyasi za kahawia, wala wingu. Binti yake Gretchen, wa miaka tisa, naye aliinusa, akaja mbio akabandika pua kwenye kioo. Bibi yake alimnunulia ubao mwekundu wa kutelezea theluji msimu uliopita, akautumia mara mbili tu kabla ya mazishi, na mwaka huu hata chembe haijaanguka. Kila siku alikuwa akiuliza theluji itakuja lini, kila siku akiupangusa ubao wake vumbi.

"Mama, mwaka huu nani atavunja mfupa?" aliuliza. "Mimi najua kushinda. Bibi alinifundisha."

"Alikufundisha nini?"

"Usivute. Unashika juu, karibu na kichwa chake, unatulia tu. Mwache mwenzio avute mpaka avunje mwenyewe."

Noreen alimtuma akakunje vitambaa vya meza. Lakini maneno yalimganda kichwani, maana kwa miaka kumi na saba aliyoolewa kwenye nyumba ile hakuwahi kumwona Alvina akivunja mfupa na mtu yeyote. Kila Shukrani, vyombo vikishaoshwa, bibi kizee yule aliwatoa wote jikoni, akafunga mlango. Wangesikia mlio mmoja mkavu. Kisha angetoka amejaa jasho, ampapase Lowell shavuni, aende kulala. Walicheka, wakasema ndivyo uzee ulivyo.

Mchana huohuo, akitafuta uzi wa kumfunga bata miguu, Noreen aligusa kopo la biskuti juu ya kabati. Lilicheza kwa mlio mwepesi. Ndani mlikuwa na vipande vya mifupa ya ombi, vikavu, vya manjano. Alivihesabu: arobaini na kimoja. Vyote vilikuwa virefu. Hapakuwa na kifupi hata kimoja.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mfupa wa ombi hauvunjwi na mtu mmoja. Nani alikuwa akichukua vile vifupi?

Alipogeuka, Ardis alikuwa mlangoni. Noreen hakuwa amesikia hatua zake.

"Umelitoa wapi hilo?" Ardis alinong'ona.

"Kwenye kabati langu," Noreen akajibu, na neno *langu* alilikaza kidogo.

Ardis alisogea karibu. "Wifi, nakuomba kitu kimoja tu. Kesho mfupa usimpe mtoto. Wala Lowell. Niachie mimi."

Noreen alimtazama. Mwanamke mzima anagombania ombi la utotoni. Ataomba nini kama si nyumba? Angeweza kumwambia pale pale kwamba mfupa umo sufuriani unachemka na firigisi. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alifurahia kujua jambo ambalo wifi yake halijui, na furaha hiyo ndogo, ya jikoni, ilimponza.

"Tutaona kesho," alisema.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi bata aliingia oveni. Kufikia saa tano nyumba ilikuwa inanukia siagi, vitunguu na mkate uliokaangwa na majani ya kunukia, na Noreen alianza kujiona mtu. Viazi viliiva kwa wakati. Pai ya boga haikupasuka. Alichota supu akatengeneza mchuzi mzito, sufuria akaisukuma nyuma ya jiko ikaendelea kutokota.

Kilichomsumbua ni kiti. Meza aliiandaa kwa watu wanne: yeye, Lowell, Ardis na Gretchen. Kiti cha tano, cha marehemu, alikuwa amekisukuma mpaka ukutani. Alipoleta sahani alikikuta kimevutwa mezani, mkabala na cha Lowell. Akakirudisha. Alipoleta glasi kilikuwa mezani tena, na safari hii kilikaa kwa mshazari, kama kiti ambacho mtu ameinuka dakika hii anarudi. Alimkuta Ardis sebuleni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kama anataka kumkumbuka mama yake, kuna makaburi, asimchezee mezani.

"Kiti gani?" Ardis aliuliza, na rangi ikamtoka usoni. Noreen alimwona mwongo hodari.

Walikaa saa nane. Lowell aliinuka amkate bata. Kisu kiligongagonga sahani, na Noreen aliona kwamba pumzi ya mumewe inatoka na mvuke. Mle ndani palikuwa na joto la oveni iliyowaka kwa saa sita. Mvuke ulitoka mdomoni mwa Lowell peke yake.

Kwa desturi yao, kabla ya kula kila mmoja husema anashukuru nini. Gretchen alishukuru kwa ubao wake. Ardis alishukuru kwamba wote bado wapo, akameza neno la mwisho. Noreen alishukuru kwamba jiko halijamtia aibu, wakacheka kidogo. Lowell alisema anamshukuru mama yake, aliyemzaa kwenye nyumba hii hii siku ya dhoruba, na alipomaliza alikohoa kikohozi kirefu kilichomwacha midomo ya buluu.

Kisha hakuna aliyeinua uma. Hata Noreen hakujua wanangoja nini, ila walikuwa wanangoja. Kiti cha tano kililia, mlio ule wa mti mtu mzito akiegemea.

Gretchen alikitazama kwa adabu, kama alivyofundishwa kutazama wageni. "Na yeye?" aliuliza. "Si zamu yake?"

Ardis aliinuka, akamshika Noreen mkono kwa nguvu za kuumiza, akamvuta jikoni na kufunga mlango.

"Mfupa uko wapi?"

"Ardis, mume wangu anaumwa, wewe unataka—"

"Mdogo wangu anakufa, Noreen. Mfupa uko wapi?"

Ndipo Noreen alipoutazama vizuri uso ule aliokuwa akiushuku tangu Jumatatu. Hapakuwa na tamaa hata chembe. Palikuwa na hofu ya miaka mingi.

"Niliutoa jana," alisema. "Uko kwenye supu."

Ardis aliketi sakafuni. Na kutoka pale chini, kwa minong'ono, aliyasema aliyoyaona akiwa na miaka minane. Alisema Lowell alizaliwa kwenye jikoni hili, Siku ya Shukrani, theluji imefika madirishani na daktari amekwama njiani. Alitoka kimya, wa buluu, hakulia. Baba alikuwa nje anachimba njia. Mama alikuwa na mfupa wa ombi mkononi, wa bata aliyepikwa mchana ule, Ardis hakujua aliuokota kwa nini, pengine mtu akizama hushika hata jani. Aliunyoosha mbele yake kwenye jikoni tupu, akasema: nani atavuta na mimi?

"Ukashikwa," alisema Ardis. "Nilikuwa nyuma ya mlango ule. Niliona upande wa pili unavutwa na hakuna mtu. Mama alitulia, hakuvuta. Ukavunjika, kirefu kikabaki kwake, na Lowell akalia. Kile kifupi sikukiona tena. Lakini ombi la mfupa mmoja ni la mwaka mmoja, wifi. Kila mwaka ilibidi acheze tena."

Watu wa kule hawana jina la kitu hicho. Husema nyumba kuukuu ina sauti zake, wakaongeza kuni. Sisi tungesema jini, tukamwita kwa jina la jini, na pengine tukajua la kufanya. Noreen hakuwa na jina wala mganga. Alikuwa na mwiko wa mbao. Aliukoroga ndani ya sufuria mpaka ukagonga kitu, akauinua mfupa, mweupe, ukidondosha mafuta.

Ardis alimwambia kwamba yeye hafai, alishajaribu usiku wa Jumatatu kuzungumza nacho na hakikumjibu. Kinamtaka mwenye jiko. Akamfundisha haraka haraka: shika juu, tulia, usivute hata kikikuvuta. Kisha akatoka, akasimama upande wa pili wa mlango, na Noreen akabaki peke yake na sufuria ya supu, pai mbili na jua la alasiri dirishani.

Aliunyoosha mfupa mbele yake. Alijiona mjinga. Kutoka chumba cha kulia alimsikia Lowell akikohoa.

"Nani atavuta na mimi?" alisema.

Hakuna kilichotokea, ila kioo cha dirisha kilianza kupata ukungu kutoka chini kwenda juu, polepole, na harufu ya siagi ikaondoka jikoni kana kwamba mtu ameifungulia mlango, na mahali pake ikaja ile harufu ya theluji, safi, tamu kidogo, ikimwingia puani mpaka macho yakamtoka machozi, na wakati anayapepesa macho hayo aliona tone la mafuta lililokuwa linaning'inia kwenye tawi la pili la mfupa limeganda, likawa jeupe, na juu ya tawi hilo, pasipo mkono, zikatokea alama nne ndefu na moja fupi, nene, zikibonyea kwenye mfupa ule uliolainika kwa moto, zikikaza, na kisha akavutwa. Hakuvuta. Alitulia kama alivyofundishwa, akabana dole gumba karibu na kichwa cha mfupa, akawa anasema moyoni mwaka mmoja, mwaka mmoja, mpe mwaka mmoja, na kile kikavuta, kikavuta tena kwa hasira, mpaka viatu vya Noreen vikateleza sakafuni na kifua chake kikagonga meza. Lakini ule mfupa, uliotokota siku nzima na firigisi, haukuvunjika. Ulipinda. Ulinyooka kama mpira, ukapinda upande wa pili, ukarudi.

Ndipo upande wa pili ukaachiwa. Noreen alianguka kwa makalio. Juu yake, karibu sana na sikio, kitu kilipumua mara moja, pumzi ndefu ya mtu mvumilivu ambaye chakula kimecheleweshwa.

Alipofungua mlango, Lowell alikuwa amekaa wima, midomo myekundu, anauliza mchuzi uko wapi.

*

Walimaliza kula. Lowell alirudia kuongeza mara tatu, akavua sweta moja, akamtania dada yake kwamba anakula huku akimkodolea macho kama anayelinda mtu. Noreen na Ardis walitazamana juu ya viazi. Usuluhishi wao ulifanyika wakati wa kuosha vyombo, bila maneno mengi. Noreen alisema alimdhania vibaya. Ardis alisema hata yeye angejidhania.

Kisha wakashauriana kwa sauti ya kunong'ona juu ya mfupa. Haukuvunjika, kwa hiyo hakikushinda. Lakini Noreen naye hakushinda, na mchezo ambao haujaisha unaendelea. Mfupa ukikauka utakuwa tayari kuvunjika. Basi usikauke. Ardis, mwalimu wa sayansi wa watoto wadogo, alijua la kufanya: mfupa ukilowekwa kwenye siki hulegea ukawa kama ulimi, na ukibadilishiwa siki kila wiki hautakaza milele. Wakautia kwenye chupa pana, wakaificha stoo, nyuma ya matango na viazisukari vya Alvina vilivyosindikwa. Lowell wasimwambie, atacheka. Mtoto wasimwambie, ataogopa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini nani huwaza methali akiwa anamwona mumewe anapiga mluzi bandani na shati tupu?

Wiki tatu zikapita vizuri. Kila Alhamisi Noreen alishuka stoo na chupa mpya ya siki. Alizoea. Kiti cha tano alikipeleka juu darini, akakifunga kwa kamba. Asubuhi moja alikikuta jikoni, kando ya jiko, kamba imekunjwa vizuri juu yake. Alimuuliza Lowell, Lowell alisema labda Gretchen anataka kufikia kabati. Noreen aliipokea labda hiyo kwa mikono miwili, maana aliihitaji.

Ijumaa ya mwisho kabla ya shule kufungwa, Lowell alichukua pikapu kwenda Milwaukee kumleta Ardis kwa ajili ya Krismasi. Mwendo wa saa mbili, barabara kavu, anga nyeupe. Alipiga simu saa tisa kusema wanaondoka. Noreen alikuwa bandani akinywesha ndama, na aliporudi ndani alisimama mlangoni na buti zake.

Nyumba nzima ilinuka siki.

Chupa pana ilikuwa juu ya kichanja cha vyombo, imeoshwa, imepinduliwa chini juu ikidondosha maji. Gretchen alikuwa amekaa mezani na daftari lake la shule, na kile kiti kilikuwa mkabala naye.

"Nani alikupa chupa ile?" Noreen aliuliza. Sauti ilitoka ndogo.

Gretchen alisema mfupa aliutoa mwenyewe tangu Jumatatu, akaacha ganda la kiazi ndani ya siki; jana mama alibadilisha siki wala hakuangalia. Mfupa aliuanika juu ya bomba la joto chumbani kwake. Aliambiwa siku nne zinatosha.

"Uliambiwa na nani?"

Mtoto alikitazama kiti, kisha akamtazama mama yake, akatabasamu kwa fahari. Alifungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mfupa, kikavu, na kilikuwa kirefu.

"Nimeshinda," alisema. "Nilitulia tu kama bibi."

Kirefu. Noreen alipiga magoti pale pale kwenye sakafu, akamkumbatia mwanawe, akacheka na kulia pamoja, akambusu nywele. Alishinda. Kile kimeshindwa tena, mara ya arobaini na mbili, na mtoto wa miaka tisa. Alikuwa bado anacheka alipokumbuka kwamba kushinda si kupewa. Kushinda ni kuomba.

Akamshika mabega, akamsogeza amwone usoni.

"Gretchen. Uliomba nini?"

Gretchen alibana midomo, akatikisa kichwa. "Nikisema haitatimia."

Nyuma yake, kwenye kioo cha dirisha, chembe nyeupe ilitua, ikakaa. Ikaja ya pili. Kisha zikaja zote kwa pamoja, nene, za mshazari, zikafuta banda, zikafuta uzio, zikafuta barabara ya kuelekea kusini, na mtoto akageuka akaziona akapiga makofi.

Noreen alikitazama kiti. Kilikuwa kitupu kweli safari hii. Hata baridi yake haikuwepo.

"Mwenzio yuko wapi?" aliuliza.

"Ameshaondoka," alisema Gretchen, akivaa buti zake. "Amesema anakwenda kumpokea baba njiani."